Hodi na Karibu

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni

Masomo: Hesabu 12:9–15, 2 Wakorintho 2:5–11, Luka 15:25–32

 

Desturi yetu ni kuanza na fungu la Biblia. Leo tutaanza na neno moja la Kiingereza. Mama mmoja ametuandikia akiomba tumweleze maana yake, na barua yake haijatutoka moyoni tangu siku tulipoisoma.

Mama huyu anaeleza kwamba binti yake alitoka nyumbani pamoja na shangazi yake kwenda kuomba nafasi katika shule ya bweni. Ilikuwa shule ile ile aliyoiacha mwaka uliotangulia alipopata mimba. Mtoto alibaki nyumbani na nyanya yake, ndiye mama huyu. Siku ya tatu ikaja barua ya shule kwa mkono wa mtu wa matatu. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari michache tu, na katikati yake palikuwa na neno "readmitted". Mama hakulielewa. Akampelekea jirani aliyewahi kufanya kazi ya usafi hospitalini. Jirani akatazama, akasema, "Hili nalijua. 'Admit' ni kulazwa. Wanasema binti yako amelazwa tena."

Binti huyo alikuwa ameteseka sana wakati wa kujifungua, akalazwa siku nyingi. Basi mama aliposikia hayo, aliacha sufuria mekoni, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya shuleni huku akilia na kuomba. Alipofika, mwalimu alimkalisha, akamletea maji ya kunywa, akamweleza taratibu: "Mama, binti yako yuko darasani. Neno hili maana yake tumempokea tena."

Lau barua ingekoma hapo, tungeisoma kwa kicheko na kumshukuru Mungu. Lakini mama aliendelea. Aliandika hivi: "Sasa naomba mnieleze neno hili vizuri, na mniambie kama liko kanisani pia. Maana shule imempokea tena, lakini kanisani jina lake bado limefutwa. Alikwisha kutubu mbele ya wazee, wakamwambia angoje. Ni mwaka wa pili sasa angali akingoja."

Tulipofika hapo tulinyamaza. Kwa sababu sisi tusemao nanyi leo tu wazee wa kanisa pia, nasi tunazo sharika zetu na madaftari yetu ya washirika. Basi na tulichunguze neno hili pamoja na mama huyu, kwanza asili yake, kisha kama liko kanisani.

"Readmit" hutamkwa "ri-admit". Ni kitendo, na maana yake ni kumruhusu mtu aingie tena mahali, au katika chama au ushirika, ambamo alikuwamo zamani kisha akatoka au akatolewa. Neno hili limeungwa kwa vipande vitatu, na vyote asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kipande cha mwisho, "mit", chatoka katika kitendo "mittere", maana yake kutuma, au kukiachilia kitu kiende. Kipande cha katikati, "ad", maana yake ni kuelekea mahali au kumwelekea mtu. Kipande cha kwanza, "re", maana yake ni tena, au kurudi nyuma.

Warumi waliunga viwili vya mwisho wakapata "admittere", yaani kumwachilia mtu apite asogee karibu, kama vile bawabu amwachiliavyo mgeni aingie kuonana na mkubwa. Waingereza walilichukua neno hilo wakati wa mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, wakalifanya "admit". Hilo ndilo litumiwalo mtu anapolazwa hospitalini na mwanafunzi anapoandikishwa shuleni, kwa hiyo jirani wa mama yule hakukosea kabisa. Alijua mlango mmoja tu kati ya milango miwili. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 17, wakaliongezea "re" mbele, wakapata "readmit". Mshairi John Milton, Mwingereza aliyekuwa amekwisha kupofuka macho yote mawili, alilitumia katika mchezo wake wa ushairi uitwao Samson Agonistes, uliochapwa mwaka 1671. Alilitia katika habari za Samsoni, kipofu mwenzake, aliyefungwa kule Gaza akitumaini kwamba Mungu hajamfungia mlango mtu amwombaye.

Mtu asidhani kwamba neno hili ni geni kwetu. Ukoo wake tunao siku nyingi. Tunaposema "misheni", twatumia neno lililotoka katika kitendo kile kile cha kutuma. Misheni ni kazi ya waliotumwa. Ndugu zetu Wakatoliki wasemapo "Misa", ni neno la ukoo huo huo. Lilitokana na maneno ya kuwaaga watu waende zao mwisho wa ibada.

Lakini kuna ndugu mmoja wa neno hili ambaye twataka mumjue hasa. Ni "remit". Hilo nalo limeungwa kwa "re" na "mittere", bila kile kipande cha katikati, na maana yake ya asili ni kukirudisha kitu nyuma, kukiachilia kiende zake. Kutokana nalo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilipata neno la kutajia ondoleo la dhambi. Basi yatazameni maneno hayo mawili. Katika moja, dhambi yaachiliwa iende zake. Katika lingine, mwenye dhambi aachiliwa aje ndani. Tofauti ni kipande kidogo tu, "ad", kuelekea huku kwetu.

Wapendwa, yawezekana sisi tuna mazoea ya kutaja la kwanza na kulisahau la pili. Twamwambia mtu, "Mungu amekusamehe," kisha twamwacha amesimama nje. Dhambi imekwenda, naye bado hajaja. Lakini Injili yafanya yote mawili: yafukuza dhambi, yamwingiza mtu.

Sasa tutazame jambo lingine katika neno hili, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Ni nani atendaye kitendo hiki? Katika Kiswahili twasema "kurudi". Arudiye ni yule aliyekwenda. Ni miguu yake, ni nia yake. Hata neno letu "toba", lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kurudi. Lakini "readmit" si kitendo cha arudiye. Hawezi kujitendea mwenyewe. Ni kitendo cha wale walio ndani.

Sisi watu wa Kiswahili tuna desturi inayolieleza jambo hili kuliko kamusi yoyote. Mtu afikapo kwa watu hafungui mlango akaingia. Husimama nje akapiga hodi. Na aliye ndani huitikia, "Karibu!" Hodi ni ya aliye nje; karibu ni ya aliye ndani. Mgeni hawezi kujiitikia karibu mwenyewe. Basi toba ni hodi, na lile neno la Kiingereza aliloulizia mama yetu ni karibu. Binti yake amekwisha kupiga hodi. Iliyobaki si kazi yake tena. Ni kazi ya walio ndani.

Je, jambo hili liko katika Maandiko? Liko tena sana. Twasoma katika Hesabu mlango wa 12 jinsi Miriamu, dada yake Musa, alivyomnenea ndugu yake vibaya kwa sababu ya mke Mkushi aliyemwoa. Mungu akampiga kwa ukoma, kisha akaagiza atengwe nje ya kambi siku saba, na baada ya hizo aingizwe tena. Tuangalie mambo matatu. Kwanza, kosa halikufichwa. Miriamu alitengwa ingawa alikuwa nabii na dada wa kiongozi. Pili, adhabu ilikuwa na mwisho uliojulikana tangu siku ya kwanza. Mungu hakusema angoje tu. Alisema siku saba. Tatu, na hili twaomba mlishike, Israeli haikuendelea na safari mpaka Miriamu aliporudishwa kambini. Mlango wa kwanza wa kitabu hicho hicho watuambia kwamba wanaume wa umri wa miaka ishirini na zaidi waliohesabiwa kwa vita walikuwa 603,550, mbali na wanawake na watoto. Wote hao walingoja. Kambi nzima ilikaa siku saba kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekosa. Sisi leo twamwambia mkosaji atungoje. Siku zile watu wa Mungu ndio waliomngoja mkosaji.

Tukija katika Agano Jipya, twamkuta Paulo akiwaandikia Wakorintho habari za mtu fulani aliyehuzunisha kanisa lote. Kanisa lilikuwa limemwadhibu. Ndipo Paulo akawaambia kwamba imetosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akazama katika huzuni kubwa mno, nao wamwonyeshe waziwazi kwamba wampenda. Akawaonya ya kwamba wasipofanya hivyo, Shetani atapata nafasi. Wengi wetu twajua kwamba Shetani hupata nafasi mtu anapotenda dhambi. Paulo atuonyesha nafasi ya pili: pale kanisa linapoendelea kumfungia mlango mtu aliyekwisha kutubu. Na tazameni heshima ya mtume huyu: katika barua nzima hakumtaja mtu yule jina. Kosa lake lilijulikana Korintho, lakini jina lake halikupewa vizazi vijavyo wapate kulisema.

Jambo hili lilijaribiwa sana katika kanisa la kwanza, na tena hapa hapa katika bara letu la Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu ya Warumi. Kila aliyefanya hivyo alipewa hati ya kushuhudia. Hati kadhaa za namna hiyo zimefukuliwa katika mchanga wa Misri, nazo zipo mpaka leo. Wakristo wengine walikataa wakafungwa na kuuawa. Wengine waliogopa wakatoa sadaka. Wengine walinunua hati pasipo kutoa sadaka. Mateso yalipopungua, wale walioanguka walirudi kwenye milango ya kanisa wakiwa wengi, wakipiga hodi.

Askofu wa mji wa Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, alikuwa Cyprian. Mbele yake palikuwa na makundi mawili. Kundi moja lilitaka waanguka wapokelewe papo hapo bila kuulizwa lolote. Kundi lingine, likiongozwa huko Roma na mtu aliyeitwa Novatian, lilisema kwamba aliyemkana Kristo asipokelewe na kanisa tena, hata akitubu namna gani. Cyprian na maaskofu wenzake walikutana Karthago mwaka 251, wakakataa njia zote mbili. Waliamua kwamba mlango upo, na kila mtu asikilizwe kwa habari yake. Walionunua hati wapokelewe baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wakae katika toba muda mrefu zaidi, na akiwa mgonjwa wa kufa, apewe ushirika. Baadaye kidogo, dalili za mateso mengine zilipoonekana, maaskofu walifupisha muda wa wale waliokuwa wakitubu. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumtaka mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo, na huku wamnyima kikombe cha damu ya Kristo. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, nao wakaweka kanuni kwa wale waliomkana Kristo bila hata kulazimishwa. Muda wao ulikuwa miaka 3 katika safu ya wasikilizaji, miaka 7 ya kuinama kwa toba, na miaka 2 ya kuomba pamoja na watu pasipo kushiriki Meza. Jumla ni miaka 12. Hatusemi kwamba turudie kanuni hiyo, ilikuwa nzito. Lakini hata yenyewe ilikuwa na hesabu. Aliyeianza alijua siku atakayoimaliza. Na mkutano huo huo uliagiza kwamba aliye katika kufa asinyimwe chakula cha safari ya mwisho. Kanisa lile kali lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na tarehe.

Ndugu yangu msikilizaji, huenda wewe ni mzee wa kanisa, nawe waona kwamba twalegeza mambo. Wasema, "Tukiwapokea upesi, vijana watafikiri dhambi ni mchezo." Twakuelewa. Nidhamu ya kanisa ni agizo la Bwana, na kanisa lisilokemea ni kama mzazi asiyejali. Lakini tusikilize Kiswahili chetu chenyewe. Mtoto akikosa, mzazi hufanya nini? Humrudi. Na mtoto aliyepotea akija nyumbani hufanya nini? Hurudi. Ni sauti ile ile. Waebrania mlango wa 12 unatufundisha kwamba Bwana humrudi ampendaye, naye hufanya hivyo kama baba kwa mwana. Basi mwisho wa kumrudi mtu ni mtu kurudi. Tukimrudi asirudi, kwa kuwa sisi tumesimama mlangoni, hiyo si nidhamu tena, ni kufukuza. Nao wahenga walikwisha kutuambia, kosa moja haliachi mke.

Tena tuseme ukweli mwingine, ingawa unauma. Binti wa mama yetu alifutwa kwa sababu mimba haifichiki. Yule kijana au mzee aliyehusika jina lake li wapi? Mara nyingi yuko kwenye daftari, amekaa kitini, pengine ashika kapu la sadaka. Adhabu inayomwona mmoja na kumpita mwenzake si nidhamu ya Kristo, ambaye mbele yake mwanamke aliletwa peke yake, ingawa washtaki walisema amefumaniwa. Yesu aliwaelekezea washtaki macho yao wenyewe, wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia.

Sasa na tuitazame shule ile. Katika Kenya serikali iliweka sera mwaka 1994 ya kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aruhusiwe kurudi baada ya kujifungua. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpana zaidi wa kuwarudisha shuleni watoto walioacha masomo, si kwa mimba tu, bali na kwa sababu nyingine pia. Jirani zetu wa Tanzania walitangaza mwezi wa Novemba mwaka 2021 kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za serikali. Twajua kwamba tangazo si mlango. Wako wasichana ambao sera ipo na bado hawajarudi, kwa kukosa karo, au mtu wa kumlea mtoto, au kwa kuogopa kuchekwa. Hata hivyo neno limeandikwa. Shule imeandika, kwa wino na muhuri, kwamba fulani amepokelewa tena. Hata hospitali, ambayo mlango wake hakuna apendaye kuuingia mara ya pili, haimwambii mgonjwa, "Wewe ulikwisha kulazwa hapa, usirudi." Inajua kwamba kazi yake ni wagonjwa. Je, kanisa kazi yake ni nini?

Sisi twakiri jambo mbele yenu. Baada ya kuisoma barua ya mama yule, tulilifungua daftari la washirika la mahali tunapotumika. Tulikuta majina yaliyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na kando yake tarehe ya kikao kilichoamua. Tulitafuta kando ya majina hayo tarehe ya pili, ya kupokelewa tena. Katika mengine ilikuwapo. Katika mengine hapakuwa na kitu. Si kwamba watu wale walikataliwa. Hakuna kikao kilichosema wasirudi. Tuliwaambia wangoje, kisha tukaendelea na ajenda nyingine: paa la kanisa, harambee, ziara ya askofu. Mmoja wao tulipomwulizia tuliambiwa amekwisha kufariki. Alizikwa bila jina lake kurudi katika daftari. Maaskofu wale wa Nikea, miaka 1,700 iliyopita, wasingekubali hilo litukie.

Basi tumjibu mama yetu. Mama, neno lile liko kanisani. Halimo katika Biblia kwa sauti ile ya Kiingereza, lakini jambo lenyewe limo tangu kambi ya Israeli. Na kama kanisani kwako halijaonekana, kosa si la binti yako. Yeye alifanya sehemu yake.

Nasi wazee na washirika tufanye nini? Tunashauri mambo machache yaliyo rahisi. Mtu akiwekwa chini ya nidhamu, aambiwe siku hiyo hiyo itakuwa kwa muda gani, na tarehe iandikwe. Ateuliwe mtu mzima mmoja, mwenye huruma, wa kumtembelea na kuomba naye katika muda huo, ili asiwe peke yake nje ya kambi. Na siku ifikapo, ikiwa ametubu, baraza lisimngoje aje kuuliza, baraza limwendee. Kisha apokelewe mbele ya watu wote. Alitolewa mchana watu wakitazama. Asirudishwe usiku kupitia mlango wa nyuma. Ashikwe mkono, jina lake lisomwe, alishiriki Meza ya Bwana. Na akishapokelewa, jambo lake lisitajwe tena, wala katika kikao, wala kisimani, wala katika mkutano wa akina mama. Aliyekuwa mwimbaji arudi kwaya, mahali pake pa zamani, si benchi la nyuma.

Mwisho, twataka kumkumbuka mtu mmoja katika mfano wa Bwana wetu. Twapenda sana kumhubiri mwana mpotevu, na baba aliyepiga mbio kumlaki. Lakini mfano hauishi kwa mwana mpotevu. Unaishia kwa kaka yake. Alikuwa shambani, akakaribia nyumba akasikia ngoma na shangwe, akaambiwa ndugu yake amerudi, na baba amempokea. Luka atuambia alikasirika, akakataa kuingia. Yule aliyekuwa nje amekwisha kuingia, na yule aliyekuwa ndani siku zote sasa ndiye aliye nje. Hakufungiwa na mtu. Alijifungia mwenyewe, kwa sababu hakutaka kukaa chumba kimoja na ndugu aliyesamehewa. Na baba mwema alitoka kumsihi na yeye. Yesu hakutuambia kama aliingia. Aliuacha mfano wazi, ili kila kanisa litoe jibu lake lenyewe.

Wapendwa, mnajua adabu ya hodi. Mtu hupiga hodi mara ya kwanza, akangoja. Hupiga mara ya pili, akangoja. Hupiga mara ya tatu, na asipoitikiwa huenda zake, wala hakuna wa kumlaumu. Ni wangapi katika mtaa wako waliopiga hodi kanisani mara tatu, wakaenda zao? Unawajua majina. Pengine mmoja wao anakaa nyumba ya pili kutoka kwako, na Jumapili asubuhi unampita akifagia uwanja nawe umebeba Biblia. Wiki hii, kabla ya Jumapili kufika, nenda kwake. Mara hii wewe ndiwe upige hodi.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, sisi sote tu watu uliowapokea tena. Hakuna aliye ndani kwa haki yake mwenyewe. Tusamehe kwa ajili ya wale tuliowaacha nje wakati wewe ulikwisha kuwasamehe. Mtie nguvu binti huyu, na mtoto wake, na mama yake. Wape wazee wa makanisa yetu ujasiri wa kukemea, na haraka ya kupokea. Wale waliochoka kungoja, wasichoke na wewe. Utufundishe kuitikia "karibu" kwa sauti inayosikika mpaka nje. Kwa jina la Yesu Kristo, aliye Mlango. Amina.